KIBAGABAGA: MOTA YA WIPA NA MLANGO WA RUBANI

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kigali na kuelekea kaskazini-mashariki hupita Kacyiru na Nyarutarama, na baada ya hapo hukifikia kilima cha Kibagabaga. Kwa mpangilio wa serikali ya Rwanda, Kibagabaga ni akagari, yaani mtaa, katika umurenge wa Kimironko, wilaya ya Gasabo. Watu wengi wa Kigali hulifahamu jina hilo kwa sababu ya hospitali iliyopo hapo. Wengine hulifahamu kwa nyumba zake zilizojengwa kwa ngazi ngazi kufuata mteremko, kila moja na ua wake na lango lake la chuma. Jumamosi ya mwisho wa mwezi malango hayo hufunguka asubuhi, na wenyeji hutoka na majembe na mapanga kwa kazi ya pamoja iitwayo umuganda.

Uwanja wa ndege wa Kanombe uko kilomita chache tu kusini-mashariki ya kilima hiki. Kwa hiyo mngurumo wa ndege si jambo geni kwa mtoto wa Kibagabaga. Tangu shirika la ndege la nchi, liitwalo RwandAir, lilipoundwa mwaka 2002, na hasa tangu ndege kubwa za Airbus A330 zilipowasili mwaka 2016, mtoto huyo amekua akitazama juu. Mwaka huo huo wa 2016, kule Muhanga, ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kubeba damu na kuipeleka kwenye hospitali za mbali. Si ajabu basi kwamba katika nchi kama hii wapo vijana watakao kuunda kwa mikono yao kitu kifananacho na ndege, hata kama hakitaondoka chini.

KUTOKA VYUMA CHAKAVU

Tamaa hiyo si ya Rwanda peke yake. Mwaka 2011 huko Kampala, Uganda, Chris Nsamba na wenzake walijulikana duniani kwa kuunda ndege katika ua wa nyumba ya mama yake, mtaani Ntinda. Nchini Kenya, miaka hiyo hiyo, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, aliunda ndege nyumbani kwake na kuitia injini ya gari la Toyota. Watu hawa walitumia kile kilichokuwa karibu nao, na kilicho karibu na fundi wa Afrika Mashariki ni gari lililokufa.

Fundi wa Kibagabaga hana haja ya kwenda mbali. Akiteremka hadi Gatsata atakuta gereji na maduka ya vipuri vilivyotumika. Akienda Gisozi, katika soko la mafundi liitwalo Gakiriro, atapata mabomba ya chuma, bawaba na mtu wa kuchomelea. Katika magari yaliyovunjwa ipo mota moja ndogo ambayo watu wengi huipita bila kuitazama, nayo ni mota ya wipa.

Wipa yenyewe ilianza bila mota. Mwaka 1903 Bibi Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipewa hataza ya kifaa cha kupangusia kioo, ambacho dereva alikivuta kwa mkono kutoka ndani. Mota ya umeme ilikuja baadaye. Mota hiyo hutumia betri ya volti 12. Ndani yake mna parafujo ya chuma izungushayo gurudumu lenye meno, na gurudumu hilo ndilo litoalo nguvu nje kwa mwendo wa polepole, kiasi cha mizunguko 50 hivi kwa dakika. Parafujo hiyo ina tabia moja ya kukumbukwa: mota huweza kulizungusha gurudumu, lakini ni vigumu sana gurudumu kuizungusha mota. Ndiyo maana upepo wa njiani hauzirudishi nyuma wipa za gari.

HESABU YA KIFUNIKO

Ichukuliwe sasa kwamba kijana wa mtaa huu anaunda chumba cha rubani cha kujifunzia, kitakachokaa chini uani. Kuunda chombo cha kuruka ni jambo lingine, nalo lina sheria zake na mamlaka yake ya usafiri wa anga. Chumba chake ni cha mabomba na mabati. Juu yake anataka kifuniko cha plastiki ngumu ing'aayo kama kioo, ambacho kitainuka na kushuka chenyewe kwa kubonyeza swichi, kama kile cha ndege za kivita.

Kifuniko hicho na fremu yake kikiwa na uzito wa kilo 12, na uzito huo ukikaa nusu mita kutoka kwenye bawaba, kukiinua ni sawa na kuinua kilo 6 mwishoni mwa mkono wa mita moja. Kazi hiyo ni kubwa kwa mota ya wipa ikifungwa moja kwa moja kwenye bawaba. Tena, hata kama ingeweza, robo ya mzunguko kwa mwendo wa mizunguko 50 kwa dakika huchukua muda usiofikia theluthi moja ya sekunde. Kifuniko kingeruka kama mtego wa panya.

Dawa yake ni mambo mawili. La kwanza ni springi mbili, moja kila upande, zibebe karibu uzito wote wa kifuniko. La pili ni ufito wa chuma wenye hesi, ambao mota huuzungusha, na nati iliyoungwa kwenye kifuniko hupanda na kushuka juu yake. Ikiwa kila mzunguko huisogeza nati milimita 4, basi mizunguko 50 huisogeza sentimita 20. Kifuniko kitafunguka kwa muda wa dakika moja, kwa utulivu, pasipo kishindo.

Kugeuza mwendo pia kuna hila yake. Katika magari mengi waya mmoja wa mota ya wipa umeungwa kwenye gamba lake la chuma. Fundi akigeuza nyaya bila kulitenga gamba hilo na fremu, umeme utapita pasipotakiwa na fyuzi itakatika. Kwa sababu hiyo mafundi wengine huona heri mota ya kioo cha mlango, ambayo kwa kawaida ina nyaya mbili tu, na ukizibadilisha nyaya hizo nayo hugeuka upande wa pili. Kwa vyovyote vile pawepo swichi ya kikomo kila mwisho wa safari, ili mota isimame yenyewe kabla ya kuvunja kitu, na pawepo fyuzi karibu na betri.

DAKIKA MOJA NI NDEFU

Hapo kazi huonekana imekwisha. Majirani wakiitwa kutazama, watoto watapiga makofi. Lakini mtu akiketi ndani na kifuniko kikafungwa, linabaki swali moja: betri ikifa, atatokaje?

Ile tabia ya parafujo iliyosifiwa hapo juu sasa inageuka kuwa kufuli. Hata mtu mwenye nguvu hawezi kuusukuma ufito wenye hesi urudi nyuma kwa kukisukuma kifuniko kwa mabega. Hata betri ikiwa hai, dakika moja si kitu kwa mtazamaji, lakini ni muda mrefu mno kwa mtu aliye ndani na moshi wa waya unaoungua. Chini ya jua la mchana, plastiki ing'aayo hukifanya chumba kidogo kuwa tanuri.

Jambo hili limewagharimu hata mabingwa. Tarehe 27 Januari 1967, huko Marekani, wanaanga watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walikuwa wakifanya mazoezi ndani ya chombo cha Apollo kilichosimama chini, wala hakikuwa kinaruka siku hiyo. Moto ukazuka ndani. Mlango wa chombo ulifunguka kwa kuvutwa ndani, na hewa iliyopanuka kwa joto iliukandamiza mahali pake. Wote watatu walikufa. Baada ya msiba huo wahandisi waliunda mlango mpya ufungukao kwa nje katika muda wa sekunde chache. Katika ndege za kivita nako, kama Hawk ya Uingereza, juu ya kichwa cha rubani hupitishwa uzi wa baruti ndani ya kifuniko, ili kipasuke akilazimika kutoka kwa ghafla. Wenye utaalamu wote huo hawakuitegemea mota peke yake.

Fundi wa uani hahitaji baruti. Anahitaji pini moja. Nati isiungwe kwenye kifuniko kwa kuchomelewa, iungwe kwa pini nene yenye pete nyekundu, inayofikiwa na mkono wa aliyeketi ndani, na nyingine kama hiyo ifikiwe na mtu wa nje. Pini ikichomolewa, ufito hubaki mahali pake na kifuniko huwa huru. Zile springi zilizowekwa kuipunguzia mota mzigo sasa hufanya kazi ya pili: kwa kuwa hubeba karibu uzito wote, aliye ndani hukiinua kifuniko kwa msukumo mdogo wa mkono. Swichi nayo iwe ya kushikiliwa, kidole kikiondoka mota isimame, maana vidole vya mtoto havina mshindani mbele ya ufito wa chuma.

SOMO LA NYUMBANI

Somo hili halikomei kwenye ndege za kujiundia. Mota ile ile ya kioo cha mlango imo katika gari la familia, na mtoto aachwaye ndani akichezea swichi anaweza kubanwa shingo. Nyumba nyingi za miji yetu zina nondo madirishani na kufuli kubwa mlangoni kwa kuogopa wezi. Ni vyema kila aliye ndani, hata mtoto wa shule, ajue funguo zinapotundikwa usiku. Askari afungaye geti na mama afungaye mlango wa jikoni wana wajibu mmoja na yule kijana wa Kibagabaga.

Kwa hiyo, kabla ya kuunga waya hata mmoja, kijana huyo aketi ndani ya chumba chake, kifuniko kishushwe, naye afumbe macho, aitafute pini kwa mkono na kutoka bila msaada. Afanye hivyo mara tatu, na kila rafiki atakayeingia naye afanye hivyo. Akishindwa mmoja, pini ihamishwe mahali pengine. Wakifaulu wote, ndipo mota iungwe kwenye betri.