Bei ya Mafuta na Mizani ya Hukumu

Kila muhula huwapa wanafunzi wangu kazi inayoonekana nyepesi: wachore grafu ya bei ya mafuta ghafi kati ya mwaka 1970 na 2010. Wengi huniletea kichuguu mwaka 1980 na mlima mwaka 2008. Kisha huhitimisha kwamba serikali ya Mwalimu Nyerere, ilipolalamikia bei ya mafuta, ilitafuta kisingizio tu. Hapo ndipo ninapowasimamisha.

Mwaka 1980, baada ya mapinduzi ya Iran, pipa lilikuwa na bei ya wastani wa dola 37 hivi. Mwaka 2008 wastani ulifika dola 97. Lakini dola hizo si moja. Kwa kipimo cha mfumuko wa bei wa Marekani, dola ya 1980 ilinunua kiasi cha dola 2.6 za 2008. Zidisha, nawe utapata dola 96. Kichuguu kimekuwa mlima.

Swali la pili ni hili: mafuta yapi? Mfululizo maarufu unaoanzia mwaka 1861, uliochapishwa kwa miaka mingi na BP, umeungwa kwa vipande vitatu: wastani wa Marekani hadi 1944, bei iliyotangazwa ya Arabian Light huko Ras Tanura hadi 1983, na Brent tangu 1984. Wachapishaji hawakuficha, walieleza chini ya jedwali. Ni sisi wanakili tunaochukua mstari na kuyaacha maelezo.

Tatu, wastani wa mwaka humeza misukosuko. Julai 2008 pipa lilipita dola 140. Desemba likashuka chini ya 40. Mpanga bajeti aliishi katika miezi hiyo, wala si katika wastani.

Sitetei kila uamuzi wa enzi ile. Vita vya Kagera, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na sera zetu wenyewe vyote vilichangia madhila. Ila anayetaka kuhukumu kizazi kilichotangulia hana budi kupima kwa mizani iliyo sawa. Basi, ewe mtumishi wa umma unayeandaa waraka, nawe mwanaharakati unayeandaa bango, andika chini ya grafu yako: mafuta yapi, fedha ya mwaka gani, wastani wa muda gani. Asiyeweza kuyajibu hayo matatu bado hana ushahidi.