Jambur, Kijiji cha Masidi Pembezoni mwa Msitu wa Gir

Anayeshuka kutoka Junagadh kuelekea baharini, kusini mwa rasi ya Kathiawar nchini India, hukutana kwanza na msitu wa Gir: vilima vya mawe ya volkeno na misaji ambayo wakati wa kiangazi hupukutisha majani ikabaki kama nguzo. Msitu huo na viunga vyake ndiyo makao pekee ya simba wa Asia walio porini. Hesabu ya mwaka 2025 ilipata 891.

Msitu ukiisha huanza mashamba ya Talala, yenye udongo mweusi, miwa, njugu na miembe. Embe la huko huitwa kesar, yaani zafarani, kwa rangi ya nyama yake; jina hilo lilitolewa mwaka 1934 na Nawabu wa Junagadh. Pepo za kusi zilizokuwa zikisukuma majahazi kutoka pwani yetu ndizo zinazowaletea mvua, kuanzia Juni hadi Septemba. Sisi tulifika Mei. Mto tuliouvuka ulikuwa vidimbwi tu, na nyati wa kufugwa wamejilaza ndani.

Jambur imo katika mashamba hayo. Wengi wa wakazi wake ni Masidi, Waislamu wenye asili ya Afrika, ambao wazee wao walifikishwa huko karne nyingi zilizopita, baadhi wakiwa mabaharia na askari, wengine watumwa. Lugha yao leo ni Kigujarati. Kijijini lipo kaburi la Nagarchi Pir, na nagarchi ni mpiga ngoma. Mchezo wao wanauita goma. Tulimwomba mzee aliyetukaribisha chai alirudie neno hilo, kisha, mwenzetu akitutafsiria, tukamwambia kwetu husemwa ngoma. Akawaita wajukuu zake waje walisikie.

Ndipo akauliza: wazee wake walitolewa bandari gani, na ni nani aliyewauza? Bandari hatukuweza kumtajia. La pili tulilijibu, ingawa ulimi ulikuwa mzito: kwamba miongoni mwa wenye majahazi na wauzaji walikuwamo Waislamu wa pwani yetu. Akanyamaza kitambo, kisha akaagiza tukatiwe embe.

Jua lilipoanza kushuka alituhimiza tuondoke, kwani usiku simba hufika hadi mashambani kutafuta ng'ombe.