Kutoka Gitega Hadi Muyinga na Gurudumu Mgongoni

Mji wa Gitega umekaa juu ya vilima katikati ya Burundi, na tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi hiyo, Bujumbura ikibaki kuwa mji wa biashara. Mgeni aendaye huko aghalabu huonyeshwa Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, kisha hupelekwa Gishora, mwendo mfupi nje ya mji, kutazama ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Sisi tuliviona vyote hivyo kwa siku moja. Siku mbili nyingine tulizimaliza gereji.

Sababu ilikuwa gari la mjomba. Mjomba aliendesha magari ya jeshi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hata leo hawezi kupita karibu na Land Cruiser asiiname kuchungulia uvunguni. Tulikuwa tumetoka Ngara, mimi, yeye, mkewe na wajukuu wawili, kwenda Gitega katika harusi ya jamaa. Gurudumu la akiba la gari hilo lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa nyuma. Ndugu msomaji uliyewahi kupewa gari la kikosi anajua matokeo yake. Gurudumu la gari la aina hiyo, tairi pamoja na rimu, ni mzigo wa kilo 30 na zaidi. Barabara ikiwa ya makorongo, mzigo huo huupiga mlango kama nyundo mchana kutwa, na bati huanza kupasuka penye bawaba. Mlango wa mjomba ulikwisha kupasuka pembe mbili, nao ukifungwa kwa kamba.

Fundi wa Gitega alikuwa kijana mpole, mwenye Kiswahili cha kujifunzia kwa madereva wa malori. Alitengeneza bampa jipya la chuma kinene, akalikaza kwenye chesisi kwa bolti za milimita 12, wala hakulichomelea. Chesisi ikichomelewa ovyo, chuma hulegea mahali palipopata moto, na ufa huanzia papo hapo. Ncha mbili za bampa alizikata zikaelekea juu, ili gari litokapo bondeni lisikwaruze ukingo. Kisha akaunda mkono wa kubebea gurudumu, ufunguliwao kwa kando kama lango. Upande wa kushoto mkono huo ulizunguka juu ya kitovu cha gurudumu la trela kuukuu, chenye beringi na grisi yake. Upande wa kulia ulishikwa na kitasa.

Mjomba alifurahi, nami nikafurahi, ila nilitaka kujua uzito. Bampa, mkono na gurudumu kwa pamoja havikupungua kilo 100. Mzigo wa kilo 100 ukiwekwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, huikandamiza ekseli ya nyuma kwa kilo 140, kwa kuwa hunyanyua kilo 40 kutoka mbele. Yaani usukani huwa mwepesi na springi za nyuma hulala. Fundi aliyajua hayo bila karatasi. Alishauri jani moja liongezwe katika kila springi. Akaomba na siku moja zaidi: kitasa kilikuwa kimoja tu, akataka kuweka cha pili pamoja na pini, na taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa sasa imefichwa na tairi, akataka kuihamisha.

"Mzee, nipe kesho tu," alisema.

Mjomba hakutaka kulala Gitega usiku mwingine. Aliutikisa mkono ule mara mbili, ukatulia. "Umeshika, mwanangu. Mengine tutayamaliza nyumbani." Nami nilikuwa hapo nikisikia, nisiseme neno.

Njia ya kwenda Muyinga hupitia Karuzi, na kwa jumla ni kama kilomita 100. Ni nchi ya kupanda na kushuka, migomba na mikaratusi pande zote, na watu hawaishi barabarani. Lakini linalomkaa mgeni moyoni ni baiskeli. Mtelemko mtu huushuka upesi kama mshale, na mzigo wa mkaa au ndizi umemzidi kimo. Mpando haupandiki kwa mzigo wa namna hiyo. Kwa hiyo wengine hungoja lori lipite, wakalidandia kwa mkono mmoja na kuvutwa hadi kileleni. Walio maarufu kwa jambo hilo ni wale wa barabara ya Bugarama na Bujumbura, lakini milima haiko huko peke yake.

Katika mpando mmoja mrefu tulisikia mgongano wa chuma nyuma, kisha ukelele. Kijana alikuwa ameshika ncha ya kulia ya mkono wetu mpya, penye kitasa. Mjomba hakumwona, kwa kuwa kioo cha nyuma kilizibwa na tairi. Kitasa kilifyatuka, mkono ukafunguka na kumtupa kijana yule katikati ya barabara. Lori lililotufuata lilikuwa bado chini kabisa ya mlima. Lingalikuwa karibu, nisingaliandika habari hizi.

Tulimkuta amekaa, goti na kiwiko vinatoka damu, anatazama gurudumu la mbele la baiskeli yake lililopinda. Gunia la mkaa lilikuwa limepasuka. Mke wa mjomba aliingia na wajukuu barabarani kuokota mkaa, kipande kimoja kimoja, huku akimwambia mumewe maneno ambayo sitayaandika. Kijana mwenyewe alisema kwa Kiswahili cha sokoni, "Si neno, mzee." Mjomba alilipuuza hilo. Tulimpeleka kituo cha afya kilichokuwa mbele, mjomba akalipia tiba, baiskeli na mkaa, na mkono wa gurudumu tukaufunga kwa kamba ileile ya mlango.

Muyinga uko njiani kuelekea mpaka wa Kobero, na kwa sababu ya malori ya Tanzania Kiswahili si kigeni huko. Fundi tuliyempata alikuwa mtu mzima. Alitazama kamba, akatazama bampa, akauliza, "Mzee, hiki ulikifunga kwa ajili ya mawe au kwa ajili ya watu?"

Mjomba alipendekeza ncha ile ikatwe, ili asipatikane wa kuishika. Fundi alitikisa kichwa. Wakikosa ncha watashika tairi, wakikosa tairi watashika kitu kingine. Dawa ni kile watakachoshika kisisogee. Akaweka kitasa cha pili, na pini yenye mnyororo mfupi. Chini ya mkono akachomelea kikalio chenye mpira, ili ukifungwa uzito wake ukalie bampa badala ya kuning'inia. Taa na namba ya gari vikahamia kwenye bampa, pamoja na viakisi vyekundu. Majani ya springi nayo yakaongezwa. Kazi ilichukua siku nzima na nusu ya siku ya pili. Mjomba aliketi kwenye ndoo hadi mwisho, hakumharakisha mtu.

Tuliijaribu katika njia ya udongo iendayo upande wa Hifadhi ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo umekuwa sabuni. Gari lilichupa na kuteleza, lakini nyuma hapakulia kitu.

Katika mpando wa kwanza kuelekea Kobero tuliwapita wapanda baiskeli watatu. Mke wa mjomba aligeuka kutazama nyuma, akaona tairi tu.

"Simama," alisema.

Mjomba alisimama, akateremka, akazunguka gari. Hapakuwa na mtu.