Chai Yenye Nguvu

Birmingham, Uingereza
Novemba

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumai barua hii itakukuta u buheri wa afya, wewe, shemeji na watoto. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu. Ama baada ya salamu, lengo na madhumuni ya barua hii...

Umeona? Nimeshajaza mistari mitatu na sijafikiri hata neno moja. Yametoka yenyewe, yameshikana mikono, kama yalivyokuwa katika barua alizokuwa akituletea baba kutoka kambi ya mkonge. Hebu niambie, neno "buheri" umewahi kulitumia wapi isipokuwa mbele ya "wa afya"? Na hofu ya kwenye barua imewahi kusafiri lini bila mashaka? Basi hilo ndilo ninalotaka kukuandikia leo, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Kiingereza na mimi Kiingereza kimeniaibisha mwezi mzima.

Aibu ya kwanza ilikuwa ya jino. Liliniamsha usiku, asubuhi nikajikuta kwenye zahanati ya meno, shavu limevimba kama andazi. Muuguzi akaniuliza maumivu yakoje. Kwa Kiswahili nisingehangaika: makali. Nikalisaka neno hilo kichwani kwa Kiingereza, la kwanza kujitokeza likawa "fierce". Hilo ni la mbwa, lile tunalolijua kutoka kwenye mageti. Nikaona uso wa yule dada umebadilika, nikajisahihisha haraka: "strict". Hilo nalo ni la mwalimu wetu wa hesabu. Jino langu sasa likawa limeshika fimbo.

Baadaye, ganzi ikiwa bado mdomoni, nilikaa kituo cha basi nikahesabu. Sisi tuna kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, dawa kali, kahawa kali, baridi kali, mwalimu mkali na maumivu makali. Neno moja linahudumia nyumba nane. Mwingereza kila nyumba ameiwekea mlinzi wake: kisu ni "sharp", mbwa ni "fierce", mwalimu ni "strict", kahawa ni "strong", baridi ni "bitter", yaani chungu kama shubiri. Ukimpeleka mlinzi wa nyumba hii akalinde ile, kila mtu atakuelewa na kila mtu atacheka. Sarufi haijavunjika popote. Ukiuliza kosa ni lipi, watakujibu kwamba hakuna, ila "hatusemi hivyo". Jibu hilo nimelisikia huku mara nyingi kuliko salamu.

Yule muuguzi alikuwa na subira. Aliponiona nimekwama aliinua ngumi, akaifungua na kuifumba, akaifungua na kuifumba, huku akisema "throbbing". Nikaruka kitini: kupwita! Jino linapwita! Nikakumbuka kwamba kwetu nako maumivu hayaendi ovyo. Kichwa kinagonga, tumbo linasokota, kidonda kikiguswa na ndimu kinachonyota. Thubutu kumwambia mama kwamba kichwa chako kinasokota, uone kama hatakupeleka kwa mganga badala ya hospitali. Hakuna aliyetufundisha ubaoni kwamba kusokota ni kwa tumbo. Tulilikuta tumboni.

Aibu ya pili ilikuwa ya basi. Nilichelewa kurudi nyumbani, na mama mwenye nyumba, ajuza wa miaka themanini na kitu anayependa mambo yaelezwe vizuri, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba nimeachwa na basi. Akaniangalia kwa huruma, kama ninayemweleza habari za talaka. Huku basi halimwachi mtu. Mtu ndiye anayelikosa. Na lile "miss" la kukosa basi ndilo hilohilo la kumkumbuka mtu kwa uchungu wa mapenzi, kwa hiyo sentensi yangu ya pili, niliyosema ili kurekebisha ya kwanza, ilihitaji maelezo nayo. Tena huku basi "unalidaka", kama unavyodaka mpira au mafua.

Huyu mama ndiye aliyenitoa ushamba kuhusu mvua. Nilisema "big rain", akanijibu "heavy, dear, heavy". Mvua ya Waingereza ni nzito. Foleni ya magari ni nzito, mvutaji sigara wa kupindukia ni mzito, na mtu asiyeamka hata umwagie maji ni mlalaji mzito. Hapo nikafurahi, nikidhani nimepata njia, maana usingizi mzito tunao. Nikauendea uji kwa ujasiri: uji mzito, "heavy porridge". Akacheka mpaka akavua miwani. Uji ni "thick". Mzee asiyesikia vizuri, ambaye kwetu masikio yake ni mazito, kwao ni mgumu wa kusikia. Njia yangu ilikuwa imeishia palepale kwenye usingizi.

Sasa sikiliza. Nilipomlalamikia mwenzangu mmoja wa kozi, alinijibu kwamba nimekuja kuteseka katika mji wenyewe hasa wa jambo hili la maneno kuambatana. Jumamosi nikapanda treni pale New Street, dakika chache nikashuka Chuo Kikuu cha Birmingham. Kuna mnara wa saa wa matofali mekundu unaofikia mita 100, wanafunzi wanauita Old Joe, kwa ajili ya Joseph Chamberlain. Ndiye yule waziri wa makoloni aliyepita Mombasa mwishoni mwa 1902 akapanda reli ya Uganda. Dunia hii ni ndogo, lakini hayo siyo niliyoyafuata.

Nilifuata kazi ya John Sinclair, Mskoti aliyekuwa profesa pale tangu 1965 hadi 2000. Mwaka 1980, yeye na wenzake, wakishirikiana na wachapishaji wa Collins, walianza kulisha kompyuta Kiingereza kama kilivyo kwenye vitabu, magazeti na mazungumzo, mamilioni ya maneno. Kisha wakaiamuru kompyuta iwatolee kila mahali neno fulani lilipotokea. Picha ya kurasa hizo utaipenda kama mwalimu: neno moja limesimama katikati kama nguzo, mstari juu ya mstari, na kushoto na kulia wanaonekana majirani zake. Ukisoma ukurasa kutoka juu hadi chini unawaona majirani walewale wakirudi, kama wazee wa barazani ambao kila mmoja ana kiti chake. Kamusi ya COBUILD iliyotoka 1987 ilizaliwa humo.

Sinclair alishawishika kwamba mtu anapozungumza hachukui neno mojamoja na kulipachika kwenye nafasi iliyoachwa na sarufi, kama sisi tulivyofundishwa na kama wewe, usikasirike, unavyofundisha. Mara nyingi huchukua vipande vilivyokwisha kuungwa. "Hofu na mashaka", kwa lugha yetu.

Kabla yake alikuwepo J. R. Firth, mzaliwa wa Keighley huko Yorkshire, aliyefundisha Lahore miaka ya 1920 kisha London, na aliyeshikilia kwamba maana ya neno inatafutwa pia kwa wale linaotembea nao. Mwanafunzi wake, M. A. K. Halliday, akatoa mfano ambao walimu wa huku hawachoki nao: chai iliyokolea ni "strong", gari lenye injini kubwa ni "powerful", wala hayabadilishani, ingawa kwa kamusi yako na yangu yote mawili ni "-enye nguvu". Huo mfano ushike, nitaurudia.

Kilichonikaa zaidi ni kitu kingine. Sinclair aliona kwamba "set in", yaani kuanza na kushamiri, hufuatana karibu siku zote na mabaya: uozo, kukata tamaa, maambukizi. Maana yake yenyewe haisemi kwamba ni la mikosi. Bill Louw wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe aliandika mwaka 1993 kuhusu harufu hii ambayo neno huipata kwa kukaa na wenzake, kama shati lililoanikwa karibu na dagaa. "Cause" nalo liko hivyo: husababisha ajali, madhara, vifo. Nikajiuliza, na letu je? Fungua gazeti. Mvua imesababisha vifo. Mwendo kasi umesababisha ajali. Mgomo umesababisha hasara. Umewahi kusoma kwamba harusi imesababisha furaha? Furaha huletwa. Maendeleo huletwa. Na usumbufu, mdogo wangu, usumbufu "hujitokeza". Kila umeme ukikatwa au maji yakifungwa, tunaombwa radhi kwa usumbufu uliojitokeza, kana kwamba umetoka porini kwa miguu yake na hakuna aliyeuleta. Sijui ni karani gani wa kwanza aliyewaoza wawili hao, ila ndoa imedumu.

Ukitaka kuyachunguza hayo kwa Kiswahili kama Sinclair alivyofanya, ghala la maandishi yetu lipo. Liko Helsinki, Ufini. Kazi ilianzishwa na Profesa Arvi Hurskainen. Nilipolisikia hilo nilinyamaza kidogo.

Basi tena, kamusi nayo ina safari zake. Ile ya Oxford ya wanafunzi, iliyokuwa imechanika jalada pale shuleni kwetu tukaifunga kwa gundi ya makaratasi, unajua ilitoka wapi? Tokyo. Harold Palmer alikwenda Japani mwaka 1922 kuwa mshauri wa ufundishaji wa Kiingereza, akagundua kwamba wanafunzi wanajua maneno ila hawajui kuyaoanisha, na mwaka 1933 akatoa ripoti nzima ya maneno yanayoambatana. A. S. Hornby alikuwa msaidizi wake. Kamusi ya Hornby na wenzake ilichapwa Tokyo mwaka 1942, vita vimewaka, na Oxford wakaitoa kwao mwaka 1948. Kwa hiyo kiu iliyoizaa ilikuwa ya Wajapani waliokwama kama mimi na jino langu. Sisi tulipoipata tuliisoma vibaya: tulinakili maana tukaruka mifano, kumbe mali yote ilikuwa kwenye mifano.

Usije ukafikiri kwamba ninakipigia magoti Kiingereza. Kwao nako kuna mambo. Nyumba nzima wamewatwika punda wawili, "make" na "do". Kosa "unalimake", kitanda "unakimake", kazi ya shule "unaido", vyombo "unavido", na ukiuliza kwa nini utaambiwa lile jibu la "hatusemi hivyo". Sisi tunakosea, tunatandika na tunaosha. Lakini kabla sijamaliza kujivuna, mama mwenye nyumba aliniomba nimfundishe Kiswahili, tukaanza na "piga". Siku ya kwanza nikampa simu, picha na pasi. Siku ya pili mswaki, kura, chafya na hodi. Siku ya tatu akaweka kalamu chini, akaniuliza taratibu kama sisi ni watu wa vita. Nilitafuta sababu ya pasi kupigwa na vyombo kuoshwa. Sikuipata. Nikajisikia nikisema, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba hatusemi vingine.

Sasa ana daftari. Jana jioni mvua "nzito" ikiwa inanyesha, alitoka jikoni na vikombe viwili, akasimama mlangoni kama mwanafunzi anayesubiri kuulizwa, akatamka neno kwa neno: "Karibu. Nimepika chai yenye nguvu." Ilikuwa nyeusi kama kahawa ya Mombasa. Kule nyumbani tungesema imekolea, imeiva. Nilifungua mdomo ili nimwambie, kisha nikanywa.

Ukisikia kuna mtu anakuja huku, mpe pakiti mbili za majani ya Usambara na hiliki kidogo. Nimeshamwahidi.

Nisalimie wote.

Kaka yako