Umeme nao una zamu zake (Sehemu ya 6)

Mama zangu, poleni na upepo. Najua wiki hii ukianika nepi asubuhi, ikifika saa nne unaifuata kwa jirani. Ndiyo Singida yetu.

Sehemu zilizopita tuliongea kuhusu chanjo na dalili za hatari kwa mjamzito. Leo nataka tuongee umeme. Usicheke. Utasema hayo ni mambo ya TANESCO na wizara, nesi yanamhusu nini? Nisikilize kidogo tu.

Ukishajifungua, kuna sindano tunakuchoma ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isitoke nyingi. Inaitwa oksitosini. Inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto muda mrefu inapungua nguvu, na kwa kuitazama kwa macho huwezi kujua. Chanjo za mwanao nazo zinakaa kwenye nyuzi hizo hizo. Ya surua inaharibiwa na joto. Ya penta ikiganda barafu, nayo basi tena. Mashine ya oksijeni inataka umeme. Na uchungu, mama yangu, haungoji kupambazuke.

Nimewahi kufanya kazi kwenye zahanati ya kijijini isiyokuwa na umeme. Nimeshona mama kwa tochi ya simu, simu kaishika mama mkwe wake, mkono unatetemeka na chaji inakaribia kuisha. Baadaye tukapata sola. Tulifurahi jamani! Mwanzoni taa iliwaka hadi asubuhi. Miaka ilivyokwenda, mchana mambo safi, lakini jua likizama tunaanza kuhesabu masaa, na ikifika saa nane usiku giza. Paneli juu ya paa zilikuwa nzima kabisa. Aliyechoka alikuwa yule wa zamu ya usiku, yaani betri.

Hapo ndipo niliielewa hii habari ya nishati jadidifu kuliko nilivyokuwa nikiisikia redioni. Wodi haiendeshwi na nesi mmoja, hata awe hodari namna gani. Kuna wa asubuhi, kuna wa jioni, kuna wa usiku, na katikati kuna makabidhiano. Makabidhiano yakiharibika, anayeumia ni mgonjwa. Umeme nao uko hivyo. Jua lina zamu yake, upepo una yake, maji yana yake. Swali ni moja tu: huyu akitoka, anaingia nani?

Tuanze na maji. Mnakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2022, na ukarudi tena 2023. Sababu moja kubwa ilikuwa ukame: mito ilipungua na mabwawa ya kuzalisha umeme yakashuka. Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na kufikia Aprili 2025 mitambo yote 9 ilikuwa imekamilika, jumla megawati 2,115. Nchi ikapumua. Tuna pia gesi asilia ya Mtwara na Songo Songo. Ni hatua kubwa, tusibeze. Lakini bwawa, kubwa au dogo, linangoja mvua, na mvua siku hizi haina ahadi.

Sasa sikiliza jambo la kwetu. Miezi ile ya kiangazi, mito inapokuwa imenyauka, ndiyo miezi ambayo upepo wa Singida unatupeperushia nepi. Wataalamu walishaupima pale Kititimo, wakapata wastani wa mita 9.9 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 30. Ni kama kilomita 36 kwa saa, mwendo wa bodaboda ya taratibu. Yaani maji yanapochoka, upepo ndiyo kwanza unaingia kazini. Umeona zamu hiyo?

Kuna nchi huko Ulaya inaitwa Denmark. Ni ndogo, na watu wake hawafiki hata milioni 7. Mwaka 1973 mafuta yalipopanda bei duniani walipata shida sana, kwa sababu karibu nishati yao yote ilitokana na mafuta ya kununua nje. Wakaamua kuutafutia upepo wao kazi. Leo zaidi ya nusu ya umeme wao unatokana na upepo. Utaniuliza, upepo ukitulia je? Hapo ndipo penye somo. Wana nyaya zinazopita chini ya bahari hadi Norway, nchi yenye mabwawa mengi. Upepo ukivuma sana, Denmark inauza umeme na Norway inaacha maji yake yatulie bwawani. Upepo ukilala, Norway inafungulia maji na Denmark inanunua. Wao wanahitaji nchi mbili kupanga zamu hiyo. Sisi bwawa tunalo na upepo tunao, ndani ya nchi moja.

Basi kwa nini hatuoni mapanga yakizunguka pale Kititimo? Zaidi ya miaka 10 iliyopita ilitangazwa miradi ya upepo hapa Singida. Mmoja ulikuwa wa megawati 50, Shirika la Maendeleo la Taifa likiwa mbia. Mwingine ulikuwa wa megawati 100, wa kampuni ya Wind East Africa. Wakati sisi tukingoja, mashine za kwanza za upepo za kuingia kwenye gridi zilisimama Mufindi mwaka 2020. Ni 3 tu, megawati 2.4.

Ngoja nikueleze kwa alizeti, maana hiyo sote tunaijua. Tuseme unataka kufungua kiwanda cha kukamua mafuta. Mashine ni za mkopo, pesa nyingi, na unalipa kabla hujauza hata dumu moja. Na katika mji mzima mnunuzi ni mmoja. Utakopa? Utamwambia kwanza: tuandikiane mkataba, utanunua kwa bei gani, kwa miaka mingapi. Upepo uko hivyo hivyo. Wenyewe ni wa bure, lakini gharama karibu yote inakuja mwanzoni. Mnunuzi mkuu wa umeme nchini ni TANESCO. Mwekezaji anataka bei na dhamana ya miaka kama 20. TANESCO nayo inamfikiria wewe unayenunua LUKU: ikikubali bei kubwa leo, utailipa wewe na mwanao. Mazungumzo hayo ni magumu, na ukiwa na haraka unaumia. Lakini yakichukua miaka na miaka, nako kuna mtu anaumia.

Jirani zetu wa Kenya waliumia upande mwingine. Kule Turkana walisimamisha mashine 365 za upepo, megawati 310. Mashine zikakamilika, laini ya kutoa umeme haijakamilika. Zikasimama zikingoja hadi laini ilipofika mwaka 2018. Sisi Singida laini tunayo. Njia kuu ya kutoka Iringa kwenda Shinyanga inapita hapa, na hapa hapa ndipo inapoanzia ile ya kilovolti 400 ya kwenda Arusha, Namanga hadi Kenya. Wenzetu wa Kishapu, Shinyanga, wameshapata mradi wa jua wa TANESCO wa megawati 150, unaojengwa kwa awamu. Mlango wa soko uko kwetu, na upepo unaugonga kila siku.

Sasa wewe mama mwenye mimba ya miezi 7, ufanye nini na habari yote hii? Huwezi kwenda kusaini mkataba wa megawati 100. Lakini zamu za karibu yako unaweza kuzisimamia.

Kwanza, kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, muulize mjumbe wa kamati ya zahanati: umeme wa gridi ukikatika usiku, chumba cha kujifungulia kinawaka kwa kitu gani? Betri za sola zilinunuliwa lini? Za kubadilisha zimewekwa kwenye bajeti? Betri haidumu kama paneli. Ukiuliza mama mmoja watasema una maneno. Mkiuliza mama 10, itaandikwa kwenye muhtasari.

Pili, ukija kliniki, uliza friji ya chanjo inatumia nini. Usiogope kuuliza, hatukasiriki. Kuna friji za jua siku hizi zisizotumia betri kabisa: mchana zinagandisha barafu yake ya ndani, usiku barafu hiyo inatunza ubaridi. Nazipenda sana hizo, maana zimebeba zamu zote mbili.

Tatu, na hii naomba uikariri. Juni na Julai kukiwa na baridi na umeme umekatika, usiingize jiko la mkaa chumbani kwa mzazi ukafunga madirisha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mnalala, hamuamki. Mtoto mkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike vizuri na kofia kichwani. Hilo ni joto lisilokatika. Kwenye begi lako la kujifungulia weka na tochi yenye betri mpya.

Nne, baba, wewe unayesoma kwa kuchungulia simu ya mkeo: akija mgombea kuomba kura, muulize habari za upepo wa Singida. Muulize mazungumzo yamefika wapi. Akikujibu kwa kusifia upepo, mwambie upepo tunaujua, tunaukimbiza kila siku. Tunachouliza ni lini utaingia zamu.

Sehemu ya 7 tutaongea kuhusu manjano kwa mtoto mchanga, wengi mmeniomba. Mtumie na mwenzako aliye mjamzito asome hii. Muwe na usiku mwema, wenye mwanga.