Vipepeo wa Ziwa Nokomis

Usharika wetu wa Kiswahili hapa Minneapolis hupungua mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni Januari, theluji inapofika magotini na magari yakakataa kuwaka. Mara ya pili ni majira ya joto. Ya Januari hakuna anayeilalamikia, maana baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri haihitaji kutolewa maelezo. Ya majira ya joto ndiyo huleta maneno katika baraza la wazee. Kuanzia Juni jiji hili linafunguka kama mlango uliofungwa miezi sita. Pembeni mwa Ziwa Harriet kuna muziki wa bure karibu kila jioni. Mwanzoni mwa Agosti wasanii wanatandaza kazi zao katika bustani ya Powderhorn. Mwisho wa Agosti yanaanza maonyesho makubwa ya jimbo, siku 12 za ng'ombe, mabembea na vyakula vya kukaangwa. Na wanakwaya wa sauti ya tatu hawaonekani mazoezini.

Mzee mmoja wa kanisa, ninayemheshimu sana, alisema kwenye kikao kwamba Shetani wa Marekani hahitaji pembe, anahitaji ziwa na jiko la kuchomea nyama. Tulicheka, lakini hoja yake ilikuwa nzito. Anaogopa watoto wetu watajifunza kwamba Mungu ni wa msimu wa baridi tu. Mimi nilikuwa upande mwingine wa meza siku ile, na sikueleza vizuri kwa nini. Naeleza hapa.

Baba yangu alifariki mwezi Machi, akazikwa Kilolo, mkoani Iringa, bila mimi. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa, na mwanasheria alinionya kwamba nikitoka huenda nisiruhusiwe kurudi kwa mke wangu na mtoto. Hivyo nilitazama maziko ya baba yangu kwenye simu, nikiwa ndani ya gari, katika maegesho ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya usiku. Mtandao ulikatika wakati jeneza linashushwa. Uliporudi, watu walikuwa wanaweka mashada.

Washarika walifanya yote yanayopasa. Walikuja nyumbani, wakaimba, wakapika, wakatoa rambirambi, mchungaji akahubiri juu ya ufufuo. Mungu awabariki. Lakini kila nilipofumba macho niliona ile simu ikiwa nyeusi. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi niliongoza maombi ya jumuiya nikiwa na ile picha nyeusi kichwani, na hakuna aliyejua.

Makaratasi yalipokamilika, nauli ya watu watatu kwenda nyumbani haikupatikana. Ya mtu mmoja kuja ilipatikana. Mama akapata viza, akafika mwishoni mwa Mei.

Nilidhani atafurahi. Alikaa dirishani. Mimi nililala mchana, mke wangu alikuwa hospitalini kazini, mtoto shuleni. Mtaa wetu ni mzuri, una miti mikubwa, lakini mchana hupiti mguu wa mtu. Juma la pili aliniuliza, "Baba, hapa watu walihama?" Juma la tano akasema, kwa upole kabisa, "Unirudishe." Mama yangu amekuwa kiongozi wa umoja wa wanawake katika mtaa wa kanisa kwa miaka mingi. Si mtu wa kuzoea kukaa bila kuitwa na mtu.

Kilichomfungua hakikuwa ibada zetu, ingawa alizipenda. Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Agosti, siku ambayo mitaa mingi ya jiji hufungwa magari yasipite, majirani wakatoa meza nje na kula pamoja. Tulikuwa tumeishi pale miaka sita, na kila mwaka siku hiyo nilikuwa kazini au usingizini. Mama aliona meza zinatoka, akaingia jikoni bila kuniuliza, akakaanga maandazi.

Mkono wa pili wa barabara anaishi mama mmoja wa Meksiko, mjane, wa rika la mama yangu. Alichukua maandazi, na baada ya nusu saa sahani ikarudi na vyakula vya kwao: unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya mahindi. Mama alifungua moja, akanusa, akanitazama. Sahani haikurudi tupu! Kwake hilo lilikuwa kama kusikia mtu anaongea Kihehe. Alivuka barabara akamsalimu, "Kamwene." Yule mama akajibu kwa Kihispania. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, wakaketi mpaka giza likaingia, na mwaka ule sikusikia tena habari ya kurudishwa.

Yeye ndiye aliyetualika kwenye sikukuu ya vipepeo mwezi Septemba, kupitia binti yake anayejua Kiingereza. Inafanyika siku ya Jumamosi kando ya Ziwa Nokomis. Nokomis ni neno la Waojibwe, maana yake ni bibi yangu. Mwanangu alilisoma hilo jina kwa sauti, kisha akamgeukia bibi yake kana kwamba ziwa ni lake.

Palikuwa na maturubai ya kuuzia miche ya maua ya asili, watoto wenye mabawa ya karatasi mgongoni, meza za kuchora, na ngoma ya Kimeksiko ya watu wenye manyoya marefu vichwani na makokwa makavu yaliyofungwa miguuni, yakilia kama njuga. Mama alisimama mbele ya ngoma ile muda mrefu, bega moja likimcheza. Lakini kiini cha siku ni kipepeo anayeitwa monarch, mwenye rangi ya chungwa na mistari myeusi.

Mama alipomwona akasema, "Huyu si wa kwetu huyu?" Nilitaka kumsahihisha. Mama wa kujitolea aliyekuwa pale akasema Afrika yupo ndugu yake wa karibu kabisa, wa jamii moja, na wote wawili huzaliana kwenye mimea yenye utomvu mweupe. Mama hakushangaa. Alikuwa amemwona maisha yake yote kwenye mashamba.

Haya ndiyo tuliyoelezwa. Vipepeo wanaozaliwa hapa Juni na Julai huishi majuma machache tu. Lakini wale wanaotoka mwishoni mwa Agosti na Septemba wana kazi nyingine. Hao huruka takribani kilomita 3,000 hadi milima ya Michoacán, Meksiko, wakae kwenye misonobari mpaka Machi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko, wala baba yake, wala babu yake. Anayeondoka ni kitukuu wa aliyekuja. Wataalamu wa nje walikuwa hawajui wanakoishia mpaka mwaka 1975, ingawa wenyeji wa milima ile walijua siku zote. Januari 1976 mtafiti mmoja wa Kanada alikwenda kuwaona, na kati ya mamilioni yale akapata mmoja mwenye kibandiko bawani. Kibandiko hicho kilikuwa kimebandikwa Agosti iliyotangulia na mwalimu na wanafunzi wake mjini Chaska, mji mdogo kusini-magharibi mwa hapa.

Mwanangu aliruhusiwa kumshika mmoja mwenye kibandiko cha namba na kumwachia. Akauliza atajuaje njia. Akajibiwa kwamba hutumia jua, na saa aliyonayo mwilini. Akafikiri, akamgeukia bibi: "Bibi, na mimi ningeweza kufika Iringa?" Mama akasema, "Wewe mume wangu ungepotelea Morogoro."

Baadaye tuliketi kwenye nyasi. Yule jirani akasema, binti yake akitafsiri, kwamba vipepeo hufika kwao mwanzoni mwa Novemba, siku za kuwakumbuka marehemu, na wazee husema ni roho za waliofariki zinarudi nyumbani. Alisema yeye hajaona kaburi la mama yake kwa miaka 19.

Mimi Mlutheri wa kipaimara nilianza kutafuta jibu la katekisimu. Mama akanitangulia. "Mwambie sisi tunaamini marehemu wako mikononi mwa Mungu, hawazunguki. Mwambie pia pole sana." Akamshika mkono. Kisha, mkono wake ukiwa bado mle, akaanza kunisimulia maziko. Hakuniangalia. Alitaja walioshusha jeneza, mmoja mmoja. Alitaja wimbo uliokuwa unaimbwa, na kwamba mvua ilinyesha kidogo ikaacha. Akasema mdogo wangu alitupa udongo mara mbili, na mara ya pili alitaja jina langu kwa sauti, watu wote wakasikia.

Nilikuwa sijawahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema. Tulikaa nyumba moja miezi mitatu na zaidi, tukasali pamoja kila jioni, neno lile halikupata pa kupitia. Kanisani nako ningekuwa nagawa karatasi za sadaka, yeye akisalimiwa na watu thelathini. Kwenye nyasi zile hakuna aliyetuhitaji kwa lolote. Nadhani Bwana alipowaita wanafunzi wake waende mahali pa faragha wapumzike kidogo, alijua kwamba kuna maneno hayatoki mtu akiwa kazini, hata kama kazi yenyewe ni ya Injili.

Baraza liliamua kwamba Jumamosi moja ya majira ya joto usharika uende pamoja, na ibada ya Jumapili isiguswe. Yule mzee hajaridhika, na sisemi amekosea katika yote. Wapo waliokwenda ziwani mwaka juzi na hatujawaona tena kanisani. Huenda wangeondoka hata bila ziwa. Sijui, na yeye ndiye anayewapigia simu, si mimi.

Kando ya maegesho ya kanisa sasa kuna kitalu kidogo cha ule mmea wa utomvu mweupe, kilichopandwa na watoto wa shule ya Jumapili. Mama huja kila Mei na kurudi kabla ya theluji, na kitalu ni chake. Julai iliyopita alinipigia simu nikiwa kazini, saa nne za usiku, kunijulisha kuwa amehesabu viwavi saba.