Masika katika Nyumba ya Wengi



Aingiaye mji wa Bagamoyo mwishoni mwa mwezi wa Februari huukuta mkavu. Upepo wa kaskazi bado wavuma, mchanga wa njiani wachoma nyayo, na wakati wa maji kupwa vyombo vya wavuvi vimelala ubavu juu ya matope. Siku hizo hakuna akumbukaye paa. Lakini baada ya majuma machache kaskazi hulegea, joto huwa zito, mawingu meusi husimama upande wa baharini, nayo masika huingia. Tangu Machi hata Mei mvua hunyesha, na mwezi wa Aprili huipita yote kwa wingi wa maji. Kisha kusi hushika nguvu, na Juni mpaka Agosti ni kipupwe. Katika miezi hiyo joto la usiku laweza kushuka hata nyuzi 18 au 19, na mtu wa pwani husema kuna baridi. Asichekwe, maana hakuzoea nyingine.

Habari za majira kila mtoto wa pwani azijua. Nataka kunena juu ya jambo lisilosemwa sana, yaani jinsi majira hayo yanavyowafikia watu wakaao wengi katika nyumba moja.

Tazameni nyumba zetu. Katika mitaa ya zamani iliyo karibu na bahari ziko nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zilijengwa katika karne ya 19, zenye milango ya nakshi na baraza za kukalia. Boriti za dari zake ni miti ya mikoko, ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, maana upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa mti. Ziko tena nyumba za miti na udongo, zilizoezekwa makuti au mabati: mlango mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma ua wenye jiko, kisima na choo. Nyumba ya vyumba sita yaweza kuwa na jamaa sita, kila moja na ufunguo wake. Na ukishika njia ya Dar es Salaam, ukapita Mapinga, ukavuka mto Mpiji, ukafika Bunju na Tegeta, wayaona pia magorofa ya kupanga, ambamo watu hukaa jamaa moja juu ya nyingine.

Sura za nyumba hizo ni mbalimbali, lakini hali yake ni moja. Chumba kina mwenyewe. Bali paa, ukumbi, ngazi, mlizamu na choo ni vya wote, na mara nyingi kitu cha wote hakina wa kukitazama. Wazee walituambia, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni wazi kwa mtu akaaye peke yake. Lakini ufa wa ukumbini nani auzibe? Mpangaji asema, ni kazi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akaa mbali, asema, hawakuniarifu. Jirani asema, mimi nina mwezi mmoja tu hapa. Wakati wanaposhindana, maji yanaingia. Tena hayaingii kwa haki, maana chumba kinachofurika kwanza si cha yule aliyezembea, bali ni kile cha nyuma, kilicho chini, karibu na choo. Chumba hicho ndicho chenye kodi ndogo, na humo hukaa mjane, mzee, au mama mwenye watoto wachanga.

Wala tusidhani ya kuwa pwani yetu haina dhoruba. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kuu ilipiga Unguja na Bagamoyo. Misioni, iliyoanzishwa mwaka 1868, ilikuwa na umri wa miaka minne tu, na majengo yake yakaharibiwa vibaya. Tena tarehe 4 Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia, na mvua na upepo wake vikaifikia mikoa ya pwani. Mambo hayo ni ya nadra, lakini mvua ya kila mwaka yatosha kuangusha ukuta wa udongo uliolowa chini. Basi yafaa watu wa nyumba moja wakutane kabla ya masika, wakae barazani saa moja tu, wagawane kazi hizi.

Kwanza ni paa na milizamu. Makuti yaliyooza yabadilishwe mwezi wa Februari, yangali makavu, kwa kuwa apandaye juu ya paa lililolowa huteleza. Majani na mchanga yatolewe katika milizamu, na kwenye ghorofa lenye paa bapa matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Maji yatokayo paani yasiangukie mguu wa ukuta. Yachimbiwe mfereji yapelekwe mbali, lakini yasielekezwe mlangoni pa jirani.

Pili ni kuta. Nyumba ya matumbawe na chokaa hupumua, na unyevu ulioingia ukutani hutoka tena polepole. Watu wengi, wakiona lipu imebanduka, huipaka saruji kwa kudhani ni imara zaidi. Saruji huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi, na baada ya muda hupasuka na kuanguka, ikichukua sehemu ya ukuta wa zamani. Chokaa na itengenezwe kwa chokaa. Nendeni Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, mkaone kuta za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo baadhi yake huhesabiwa kuwa za karne ya 13. Nyumba ya udongo nayo ikandikwe upya chini, mahali ambapo matone ya mvua huruka na kula ukuta.

Tatu ni maji na choo. Choo kilichojaa kisingoje mvua, maana maji yakipanda, uchafu huogelea uani mpaka kisimani, na kipindupindu kikiingia chumba kimoja hakiombi ruhusa kuingia cha pili. Kisima kiwe na ukingo na kifuniko, na choo kipya kisichimbwe karibu nacho. Mita 30 ni kipimo chema. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote barabara, kisha yawekwe katika chombo chenye kifuniko. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula.

Nne ni mbu. Yai la mbu huweza kuwa mbu arukaye kwa muda wa siku 7 mpaka 14. Basi anayemwaga maji yaliyotuama mara moja kila juma huwakata kabla hawajaruka. Kifuu cha nazi, kopo, tairi kuukuu, sahani chini ya chungu cha maua, vyote vyatosha kuwa kitalu chao. Chandarua chatukinga na mbu wa malaria aumaye usiku. Lakini yuko mwingine aumaye mchana, naye huleta homa ya dengi, ambayo watu wa pwani waliiita kidingapopo, na ambayo ilienea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mpangaji mmoja akiacha pipa lake wazi, mbu wake hawatakaa chumbani mwake peke yake.

Tano, nalo ndilo zito kuliko yote, ni jiko la makaa. Mvua ikinyesha uani, mama huliingiza jiko ndani. Usiku wa kipupwe ukiwa na ubaridi, huliacha karibu na kitanda cha watoto, akafunga mlango na dirisha. Makaa yaliyokolea hayana moshi, ndipo mtu adhanipo ni salama. Sivyo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu; alalaye humo huweza kufa pasipo kuamka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Aonaye hayo na atoke nje mara moja, awatoe na wenzake, kisha apelekwe kwa mganga hospitalini. Jiko lenye makaa mekundu lisilale ndani pamoja na watu hata usiku mmoja. Afadhali blanketi la pili, na asiye nalo aazimwe na jirani.

Hapa naona shabaha ya mkutano wa barazani. Mama yule hakuliingiza jiko kwa ujinga, bali kwa sababu banda la jiko uani halina paa. Wapangaji sita wakichanga bati mbili na miti michache, jiko litabaki nje, nao watoto watalala salama. Vivyo hivyo nyaya za umeme zilizochubuka ukumbini, ambazo huua zikilowa: mtu mmoja hawezi kumlipa fundi, lakini sita waweza, na mwenye nyumba akipelekewa habari na watu sita pamoja, hawezi kusema hakuarifiwa.

Enyi walimu, wafundisheni watoto kazi ya maji yaliyotuama, maana wao huyaona makopo kuliko sisi. Enyi baba na mama, chagueni mtu mmoja wa kuandika majina na michango, na mwingine wa kukitazama chumba cha nyuma kila mvua kubwa inaponyesha usiku. Agonge mlango, aulize kama maji yameingia. Yeyote akaaye humo asipitiwe na masika akiwa peke yake hali majirani watano wako ukutani.